Ngoma ya Beni na Mafunzo Yake

Wasikilizaji, mwalimu wa Mbweni, huko pwani kaskazini ya mji wa Dar es Salaam, akitaka kuwafundisha watoto muziki, aanzie wapi? Wengi watasema aanze na sauti na mapigo. Ni kweli, lakini hayo hayatoshi. Kila ngoma ina wenyewe, ina siku zake, tena ina haja iliyowafanya watu waicheze. Asiyeyajua hayo amejifunza mlio tu.

Tutazame beni, ngoma iliyovuma sana Dar es Salaam zamani. Ilianza katika miji ya pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, yapata miaka ya 1890. Watu waliwaona askari na mabaharia wakipita kwa tarumbeta na ngoma kubwa, nao wakaigiza: wakavaa sare, wakaenda gwaride, wakapeana vyeo vya kijeshi.

Dar es Salaam vilikuwako vyama viwili vilivyoshindana, Marini na Arinoti. Marini ilihesabiwa kuwa ya makarani na watu wenye hali. Arinoti ilikuwa hasa ya watu wa kazi za mikono. Walishindana kwa mavazi, kwa nyimbo na kwa karamu.

Je, vyeo vile vilikuwa mchezo tu? La. Mtu aliyetoka bara kutafuta kazi hakuwa na ndugu mjini. Akiugua, nani amwuguze? Akifa, nani amnunulie sanda? Chama cha ngoma kilikuwa ndugu yake.

Katika vita vya 1914 hadi 1918 askari na wapagazi waliichukua beni mbali, hata Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi. Serikali za kikoloni ziliitilia shaka, maana watu wanaochanga fedha na kumtii mkubwa waliyemchagua wenyewe waweza kushikamana kwa jambo jingine pia. Wachimba shaba wa Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya sasa, walipogoma mwaka 1935, vyama vya beni navyo vilichunguzwa.

Leo Zanzibar beni hupigwa arusini kwa furaha. Jina ni lile lile, kazi ni nyingine.

Basi, wanafunzi, mkiisikia ngoma kijijini, waulizeni wazee maadamu wapo: Nani huicheza? Lini? Kwa haja gani? Mapigo mtayapata hata kesho kwa kusikiliza. Majibu ya maswali haya wazee huondoka nayo.