Mali bila Daftari: Kuchangia Historia ya Kuchu wa Kampala

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumezoea kuifundisha kama usia kwa wafanyabiashara, lakini inawahusu pia watu ambao mali yao kubwa ni kumbukumbu. Makala haya yanazungumzia kundi mojawapo la watu hao, yaani wakazi wa Kampala wanaopenda watu wa jinsia yao, pamoja na wale ambao jinsia wanayoishi nayo si ile waliyoandikiwa walipozaliwa. Swali letu ni namna ya kuchangia historia yao katika tovuti zinazojengwa na wanajamii wenyewe.

Tovuti za namna hiyo si ngeni duniani. Nchini Marekani, OutHistory ilizinduliwa mwaka 2008 na mwanahistoria Jonathan Ned Katz, ikawaalika hata wasio wasomi walete walichonacho. Nchini Afrika Kusini, hifadhi ya GALA ya Johannesburg ilianza kukusanya nyaraka mwaka 1997. Mjini Kampala, mwanaharakati Kasha Jacqueline Nabagesera alianzisha Kuchu Times, chombo cha habari cha kwenye intaneti, na mwezi Desemba 2014 kikatoka chapani jarida la Bombastic. Nakala 15,000 za jarida hilo ziligawiwa bure. Ndani yake watu walijieleza wenyewe.

Hivi karibuni mwanafunzi mmoja alinionyesha rasimu aliyotaka kuichangia katika tovuti ya aina hiyo. Kiswahili chake kilikuwa safi. Hata hivyo, chanzo chake kikuu kilikuwa ukurasa wa gazeti la Kampala la Oktoba 2010, na alikuwa amenakili majina ya watu kutoka humo. Nilimwomba ayafute. Alishangaa, na alikuwa na haki ya kushangaa, maana ni sisi walimu tuliomfundisha kwamba historia isiyo na majina wala tarehe ni hadithi tu. Yafuatayo ndiyo majibu yangu kwake.

Gazeti lenyewe liliitwa Rolling Stone, na halikuwa na uhusiano wowote na jarida la Marekani lenye jina hilo. Tarehe 2 Oktoba 2010 lilichapisha picha, majina na mahali wanapoishi watu liliodai kuwa mashoga, likaambatisha wito wa kuwanyonga. Watu watatu, Kasha Nabagesera, David Kato na Pepe Onziema, walikwenda Mahakama Kuu. Tarehe 3 Januari 2011 Jaji Vincent Kibuuka Musoke aliamua kwamba chapisho hilo lilivunja haki yao ya utu na ya faragha, akaliamuru gazeti lisiendelee, na limlipe kila mmoja wao shilingi 1,500,000 za Uganda. Basi mtu anayenakili orodha ile leo, hata kwa nia njema, anaendeleza kitendo ambacho mahakama ilikizuia. Majina matatu ya walalamikaji ni ya historia kwa sababu wenyewe walisimama mahakamani wakayataja. Majina mengine yaliyobaki ni ya wenyewe.

Wiki tatu baada ya hukumu hiyo, tarehe 26 Januari 2011, David Kato aliuawa nyumbani kwake wilayani Mukono. Alikuwa mwalimu kwa taaluma, na mmoja wa viongozi wa shirika la Sexual Minorities Uganda lililoanzishwa mwaka 2004. Polisi walisema mauaji hayo hayakuhusiana na harakati zake. Mwezi Novemba 2011 mtu mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 30. Wenzake wengi wa Kato hawakuridhika na maelezo ya polisi. Mchangiaji mwaminifu huandika yote hayo: hukumu ilivyotoka, polisi walivyosema na wenzake walivyoamini, kila jambo likiwa na mwenyewe. Asiandike kwamba gazeti lilimuua Kato, kwani hilo halikuthibitishwa. Wala asiache kuandika kwamba picha yake ilikuwa imechapishwa miezi michache kabla, kwa kuwa hilo ni kweli.

Aidha, tukumbuke kwamba nyaraka zenyewe huwindwa. Mwezi Julai 2005 viongozi wa serikali ya mtaa waliingia nyumbani kwa Victor Mukasa bila kibali, wakachukua makaratasi na kumkamata mgeni aliyekuwamo, Yvonne Oyo. Mukasa na Oyo walimshtaki Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mwezi Desemba 2008 Jaji Stella Arach-Amoko aliwapa ushindi, akitamka kwamba haki zao za kikatiba zilivunjwa. Katika kesi hii kuna mafunzo mawili kwa mtunza kumbukumbu. Kwanza, daftari likiwa moja, mtu mmoja mwenye nguvu anaweza kulibeba kwapani akaondoka nalo. Ndiyo maana nakala hutawanywa, na ndiyo maana tovuti ina faida kuliko kabati. Pili, baadhi ya kumbukumbu zilizo imara kabisa za jamii hii zimo katika majalada ya mahakama za Uganda. Anayetaka kuanza na aanzie hapo.

Wengine watauliza: mbona tusianzie mbali zaidi, kwa Kabaka Mwanga II? Naam, habari zake zinafahamika. Alitawazwa mwaka 1884, na kati ya 1885 na 1887 aliamuru kuuawa kwa vijana wengi Wakristo wa kasri lake. Tarehe 3 Juni 1886 Charles Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo. Wamisionari waliandika kwamba vijana hao walikataa tamaa za Kabaka. Wanahistoria wa baadaye wameongeza mambo ya siasa: hofu ya Wazungu waliokuwa wakikaribia kutoka mashariki, na hasira ya mtawala anayeona watumishi wake wamempata bwana mwingine. Siku hizi watetezi humtaja Mwanga ili kuonyesha kwamba mapenzi ya jinsia moja hayakuletwa na wageni, na wahubiri humtaja ili kuonyesha uovu wake. Kila upande huchota kisima kilekile, na sehemu kubwa ya maji ya kisima hicho ilitiwa na wapinzani wake. Isitoshe, kijana wa kasri hakuwa na uhuru wa kumkatalia mfalme. Kuigeuza habari hiyo kuwa kisa cha mapenzi ni kuwadhulumu waliokufa. Lenye ushahidi ulio wazi zaidi ni kwamba sheria ya adhabu, yenye kifungu maarufu cha 145, ilitungwa enzi za Waingereza.

Sisi watu wa lugha tunalo pia jambo letu. Jina "kuchu" ni la wenyewe. Walijiita hivyo wapate kuzungumza mbele za watu bila kufahamika. Mara nyingi wageni huandika kwamba ni neno la Kiswahili, ingawa katika Kiswahili tunachokifundisha hatulijui kwa maana hiyo. Kwa upande mwingine, neno "shoga" ambalo magazeti yetu hulitumia kama tusi, wanawake wa pwani wamelitumia siku nyingi kumwita rafiki wa kike. Mchangiaji anayeandika kwa Kiswahili achague msamiati wake kwa uangalifu: amwite mtu kwa jina analojiita, na pale anaponukuu tusi aonyeshe kwamba ni nukuu. Bahati nzuri, sarufi yetu inatusaidia. Kiambishi "a-" hakimlazimishi mtu kuwa mume au mke. Waandishi wa lugha nyingine huhangaika na jambo ambalo kwetu ni la kawaida.

Mwisho, tuseme wazi kuhusu hatari. Sheria ya kwanza iliyosainiwa Februari 2014 ilibatilishwa na Mahakama ya Katiba tarehe 1 Agosti mwaka huohuo, kwa kuwa akidi ya Bunge haikutimia. Mwezi Agosti 2022 shirika la Sexual Minorities Uganda lilisimamishwa kazi. Sheria mpya ilisainiwa Mei 2023. Inatoa adhabu ya kifungo cha hadi miaka 20 kwa kosa la "kukuza" mapenzi ya jinsia moja, na uchapishaji ni mojawapo ya mambo yanayotajwa. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliondoa vifungu vichache, kikiwemo kile kilichowalazimisha watu kutoa taarifa juu ya wenzao, ikaiacha sehemu kubwa ilivyo. Kwa hiyo anayeandika akiwa ng'ambo asimtake aliyeko Kampala ashindane naye kwa ujasiri. Mwenye simulizi ndiye anayeamua kama itatoka, lini, na kwa jina gani. Akisema ingoje, ingoje. Akisema ifutwe, ifutwe.

Mwanafunzi wetu alirudi baada ya wiki mbili. Rasimu yake ilikuwa imepungua kurasa, na majina yaliyosalia yalihesabika kwa vidole vya mikono. Kila jina lilikuwa na hukumu, au tamko la mwenyewe, au vyote viwili. Alinieleza kwa masikitiko kwamba imekuwa fupi. Nikamwambia ndiyo, ni fupi, lakini hakuna atakayeisoma akajutia kwamba iliandikwa. Daftari si la kujaza tu. Ni la kutunza mali ya watu, na wenye mali hii wengi wao wangali hai.