Gofu Nayo Ni Mchezo Wetu: Historia Fupi na Wito kwa Vijana wa Kigoma



Kila tukutanapo wanafunzi wa zamani, mazungumzo ya michezo huishia kwenye kandanda. Si ajabu. Mkoa wetu umemlea Sunday Manara, aliyecheza Uholanzi katika miaka ya 1970, na mlinda mlango Juma Kaseja. Leo nataka kuzungumzia mchezo ambao sisi tuliosoma hapa katika miaka ya 1990 tuliujua kwa kuusoma magazetini tu, nao ni gofu. Wengi wetu tumezoea kuuhesabu kuwa mchezo wa wakubwa. Historia yake haisemi hivyo.

Gofu ilikulia Uskoti, kwenye michanga ya pwani iliyofaa malisho ya kondoo na isiyofaa kilimo. Mwaka 1457 Bunge la nchi hiyo liliipiga marufuku pamoja na kandanda, kwa kuwa vijana walikuwa wakiacha mazoezi ya upinde yaliyohitajika kwa vita. Hapana serikali inayotunga sheria kuzuia burudani ya mabwana watano. Hutunga sheria pale jambo linapowashika watu wengi. Desturi ya mashimo 18 ilianzia St Andrews mwaka 1764, na kutoka hapo ikaenea dunia nzima.

Huku kwetu mchezo huo ulifika ukiwa umevaa joho la utawala. Waingereza waliubeba kila walipojenga ofisi zao: Entebbe klabu ilianzishwa mwaka 1901, Nairobi mwaka 1906. Tanganyika vilifuata vilabu vya Gymkhana, jina lililotoka Bara Hindi, katika miji kama Dar es Salaam, Arusha na Morogoro. Kigoma ilipitia njia yake. Reli ya Wajerumani ilifika ziwani mwaka 1914. Mwaka 1916 Wabelgiji wakaiteka Kigoma na Ujiji. Na mwaka 1921 wakawaachia Waingereza. Treni zilileta askari, makarani na mizigo ya Kongo. Vilabu vya gofu vilistawi zaidi kwenye makao makuu na kwenye miji ya walowezi.

Katika vilabu hivyo Mwafrika aliingia kwa mlango wa nyuma, akiwa amebeba begani mfuko wa fimbo za mtu mwingine. Lakini macho hayafungwi kamba. Watoto wale wabeba mifuko walitazama jinsi bwana anavyosimama na anavyoupima upepo, na jioni bwana akishaondoka, wakajaribu wenyewe kwa vijiti. Kwa njia hiyo Afrika Mashariki ilipata wengi wa wachezaji wake wa kwanza wa kulipwa.

Hapa natoa mifano miwili. Wa kwanza ni Sewsunker Sewgolum, aliyejulikana kwa jina la Papwa, Mhindi wa Afrika Kusini. Alikuwa mbeba mifuko, hakubahatika kusoma, na alishika fimbo kwa kugeuza mikono kinyume cha vitabu vyote. Mwaka 1959 alikwenda Uholanzi akashinda mashindano ya wazi ya nchi hiyo. Mwaka 1963 akashinda mashindano ya wazi ya Natal, mjini Durban. Kwa kuwa sheria za ubaguzi hazikumruhusu kuingia ukumbini, alikabidhiwa kikombe nje, mvua ikimnyeshea, huku aliowashinda wakiwa ndani. Picha yake ilizunguka dunia. Mwaka 1965 alishinda tena Natal, akimwacha nyuma Gary Player mwenyewe. Mlango walimfungia, lakini ushindi hawakuweza kumnyang'anya.

Wa pili ni Severiano Ballesteros wa Hispania, mtoto wa mkulima. Alijifunza kwa fimbo moja tu iliyochakaa, akipiga mipira kwenye mchanga wa ufukwe wa kijiji chao, Pedreña. Mwaka 1978 alikuja Nairobi akashinda mashindano ya wazi ya Kenya. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 22, alishinda mashindano ya wazi ya Uingereza. Fimbo moja na ufukwe. Sasa vijana wa Kibirizi, Katonga na Ujiji niambieni: ufukwe mmekosa? Angalieni tu msipige kuelekea kwenye dagaa zilizoanikwa. Mwenye dagaa hatakuuliza umepata mashimo mangapi!

Mtu atasema hatuna majani laini. Jibu lipo katika historia hiyo hiyo: viwanja vingi vya Afrika Mashariki zamani havikuwa na majani kuzunguka shimo. Vilikuwa na mchanga uliochanganywa na mafuta na kusawazishwa kwa reki. Watu walicheza hapo, wakashindana na kupeana vikombe.

Mimi ni mtumishi wa Serikali, na nina sababu ya pekee ya kuupendekeza mchezo huu. Kwenye gofu refa hakufuati kwa filimbi. Mpira ukizama kichakani, ni wewe mwenyewe utakayesema umeupiga mara ngapi kuutoa. Mchezaji huandika hesabu na kutia sahihi, na akiandika pungufu ameondolewa mashindanoni. Kijana aliyezoea kuandika saba pale alipopiga saba, hata kama hakuna aliyemwona, ndiye ningependa kesho nimkabidhi stoo, daftari la mapato au ufunguo wa kasha la fedha. Masomo ya uraia hufundisha jambo hili kwa maneno. Gofu hulifundisha kwa mazoezi.

Tena mchezo hauchagui. Dar es Salaam, kwenye uwanja wa Lugalo ulio chini ya Jeshi la Wananchi, hucheza askari na raia. Madina Iddi wa Arusha amewaonyesha wasichana kwamba nafasi yao ipo. Na ile hesabu ya nafuu iitwayo hendikapu humwezesha anayeanza kushindana na bingwa bila kudhalilika.

Basi nina mapendekezo matatu. Kwanza, wahitimu tulioko mijini tukusanye fimbo na mipira iliyotumika, tuitume shuleni kwa treni. Pili, uongozi wa shule ukiridhia, tutenge kipande cha ardhi chenye mashimo matatu tu. Mchanga upo, reki zipo. Tatu, anayeanza aanzie karibu na shimo, ajifunze kusukuma mpira taratibu kabla ya kuupiga mbali, na asipige kamwe mbele yake kukiwa na mtu, maana mpira ule ni mgumu kama jiwe.

Samaki mkunje angali mbichi. Watoto wa wavuvi wa ziwa hili wanajua kusubiri, kuusoma upepo na kutupa kwa shabaha. Kilichobaki ni sisi wakubwa wao kuwapa fimbo mikononi, waache kuzibeba za wengine.