Fred Mutebi

Fred Mutebi (amezaliwa 1967) ni msanii wa Uganda anayejulikana hasa kwa picha za rangi zinazochapwa kwa ubao wa kuchongwa. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, ambako mafunzo ya sanaa yalianzishwa na Mwingereza Margaret Trowell mwaka 1937.

Mbinu yake

Kwa kawaida picha ya rangi nyingi huchapwa kwa mbao kadhaa, kila rangi na ubao wake. Mutebi hutumia ubao mmoja tu. Kwanza huchonga sehemu zitakazobaki nyeupe, kisha hupaka ubao wino wa rangi nyepesi, tuseme njano, na kuchapa karatasi zote. Baada ya hapo sehemu zitakazobaki njano huondolewa kwa patasi, ubao hupakwa rangi iliyokolea zaidi, na karatasi zilezile huchapwa tena. Kazi huendelea hivyo hadi rangi ya mwisho. Karatasi isipolazwa mahali palepale kila mara, rangi hupishana na nakala hiyo huwa imeharibika.

Kilichochongwa hakirudi. Idadi ya nakala lazima iamuliwe mwanzoni: anayetaka 20 huanza na karatasi zaidi ya 20, maana baadhi zitaharibika njiani. Picha ikikamilika, ubao wenyewe umekwisha, hivyo hakuna awezaye kuchapa nakala ya 21, hata msanii. Pablo Picasso alifanya vivyo hivyo kwa linoleamu huko Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1950.

Kitambaa cha gome

Mutebi ni mtetezi pia wa kitambaa cha gome, kwa Kiganda lubugo, kinachotokana na mti uitwao mutuba (Ficus natalensis), wa jamii ya mikuyu. Gome la ndani hubanduliwa wakati wa mvua na kupondwa kwa nyundo za mbao. Shina hufungwa majani ya mgomba, na gome huota tena, kwa hiyo mti mmoja huvunwa miaka mingi. Ufundi huu ulianza kufifia katika karne ya 19, misafara ya biashara kutoka pwani ilipoleta nguo za pamba. UNESCO iliutambua mwaka 2005.

Tatizo kubwa ni miti yenyewe, kwani fundi hana kazi pasipo mutuba. Mutebi amefanya kazi na wakulima wa Bukomansimbi, karibu na Masaka, kuhimiza upandaji wake katikati ya kahawa na migomba, ambako hutoa kivuli pia.