Mashine pepe na amri zake

mashine pepe nm [I-/ZI-] kompyuta inayoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi, yenye mfumo endeshi, kumbukumbu na diski yake yenyewe. *Seva moja ya halmashauri huweza kubeba mashine pepe kadhaa.*

Matumizi haya ya *pepe* yamezoeleka kupitia *barua pepe*. Nomino *pepe*, hata hivyo, ni punje ya nafaka isiyo na kiini, ile ambayo mkulima wa mpunga wa Maswa huiondoa kwa kupepeta. Mashine pepe si tupu kwa maana hiyo, kwani hutenda kazi kamili. Istilahi *mashine bandia* iepukwe, kwa kuwa hudokeza udanganyifu.

Katika seva za Linux zitumiazo KVM, iliyoingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2007, mashine pepe husimamiwa aghalabu kwa kuandika amri za *virsh*, chombo cha mradi wa libvirt. Majina ya amri hayatafsiriwi, maana programu haitayatambua. Kinachotafsiriwa ni maelezo yake, na hapo ndipo makosa yenye gharama hutokea.

*destroy* Wafasiri huvutwa kuandika “haribu” au “angamiza”. Amri hii haifuti mashine wala diski yake. Huizima papo hapo bila kuipa nafasi ya kufunga mafaili, mithili ya kukata umeme wakati kinu cha kuchambulia pamba kinazunguka. Data iliyokuwa haijaandikwa diskini huweza kupotea. Tafsiri ifaayo ni *zima kwa nguvu*. Neno *zima* peke yake libakie kwa *shutdown*, ambayo huutuma mfumo endeshi ombi la kujifunga. Ombi hilo laweza lisiitikiwe.

*undefine* “Ondoa ufafanuzi” ni tafsiri sisisi, na ni hatari zaidi kwa sababu ya upole wake. Amri hii huondoa maelezo yanayoitambulisha mashine kwa libvirt. Faili la diski hubaki, isipokuwa amri ikiongezewa chaguo la kulifuta. Iandikwe *futa usajili wa mashine*.

Fundi wa ofisi mjini Bariadi ambaye mashine yake imeganda, akiwa na mwongozo wa Kiswahili tu, ataikwepa “angamiza”, iliyo amri anayoihitaji, kisha huenda akaijaribu “ondoa ufafanuzi”. Kosa hapo si lake.

*domain* Katika anwani za intaneti hutafsiriwa *kikoa*. Katika virsh humaanisha mashine pepe yenyewe, na kikoa hakina nafasi hapo. *Amri ya “list --all” huorodhesha mashine pepe zote zilizosajiliwa, hata zilizozimwa.*