Sheria Ilikuwepo, Bwawa Likajengwa

Tangu 1890 sheria ya jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani, ilikataza kuziba mto wenye samaki wa kuliwa bila kuwaachia njia ya kupanda. Miaka 20 baadaye Thomas Aldwell alianza kujenga bwawa la umeme kwenye Mto Elwha, kilomita 8 tu kutoka baharini. Ukuta ulikuwa wa mita 33. Njia ya samaki hakuiweka.

Waklallam, wenyeji wa mto huo, waliishi kwa samoni. Samaki huyu huzaliwa mtoni, huenda kunenepea baharini kwa miaka kadhaa, kisha huutambua mto wake kwa harufu, akapanda hadi kwenye changarawe safi, akataga na kufa. Elwha ilikuwa na aina zote tano za samoni wa Pasifiki. Wa aina ya chinook waliweza kufikia kilo 45.

Mwaka 1912 maji yaliupasua msingi wa bwawa. Likazibwa, likakamilika 1913.

Hapo akaingia kamishna wa uvuvi wa jimbo, Leslie Darwin. Sheria iliruhusu kizuizi cha kukusanyia mayai kwa ajili ya kituo cha kutotolesha vifaranga; basi kwenye karatasi akalihesabu bwawa zima kuwa kizuizi hicho. Kwangu mimi, karatasi hiyo iliwadhuru samaki kuliko zege. Kituo kilijengwa, kikafungwa 1922, lakini bwawa likabaki. Mwaka 1927 likaongezwa la pili, Glines Canyon, mita 64.

Samoni walibakiwa na zile kilomita 8, nazo zikaharibika. Changarawe ilinaswa nyuma ya kuta. Huku chini yakabaki mawe makubwa ambayo samaki hawezi kuyachimba atage.

Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuurudisha mto mwaka 1992, lakini ubomoaji wa mabwawa ulisubiri hadi 2011. Ukuta wa chini uliisha Machi 2012, na mwaka huohuo samoni wakaonekana juu yake. Wa pili uliisha 2014. Tope lililofunguliwa lilikuwa jingi mno, ikabidi mbegu ya samaki ihifadhiwe katika kituo cha vifaranga, safari hii cha Waklallam wenyewe. Uvuvi nao ukasimamishwa. Oktoba 2023 Waklallam waliingia tena mtoni kuvua samoni wa aina ya coho, kwa kiwango kidogo kilichowekwa. Chinook hawakuguswa.