Mkanda wa Jeshi na Maumivu Yasiyolingana

Nilipokuwa mtoto, katika kijiji kimoja cha kaskazini ya Malindi, nyumba yetu ilipata wagonjwa wawili wa maradhi ya namna moja katika mwaka mmoja. Wa kwanza alikuwa mjomba wangu, mvuvi ambaye hakuwa ametimiza miaka 40. Malengelenge yalimtoka ubavuni, yakajipanga kama mkanda kutoka mgongoni hadi kifuani. Yakamchoma siku chache, yakakauka, na wiki ya tatu alikuwa ndani ya ngalawa yake. Wa pili alikuwa mama yake, yaani bibi yangu, aliyekuwa amepita miaka 70. Malengelenge yake hayakuwa mengi kuliko ya mwanawe, na ngozi yake ilipona karibu kwa muda uleule. Lakini maumivu hayakumwacha. Kwa mwaka mzima na zaidi hakuweza kustahimili nguo iguse ubavu wake. "Mjukuu wangu," aliniambia siku moja, "kanga hii imekuwa kaa la moto." Sisi tulitazama ubavu, tukaona ngozi imepona, tukadhani anadeka.

Msomaji, maradhi hayo ndiyo yaitwayo mkanda wa jeshi. Swali ambalo nyumba yetu haikuliuliza ni hili: kwa nini maradhi yaleyale humgusa mmoja kama upepo na kumpiga mwingine kama dhoruba? Wanadamu walichukua muda mrefu kulitafutia jawabu, na njia waliyoipita yastahili kujulikana na kila kijana anayetaka kuwahukumu wagonjwa kwa haki.

Tuanze na jina. Wayunani wa kale waliyaita maradhi haya kwa neno lenye maana ya mkanda wa mpiganaji, na neno hilo, zosta, lingali katika vitabu vya madaktari hata leo. Waarabu huyaita mkanda wa moto. Waitaliano, ambao wengi wamefanya makao katika mji wa Malindi, huyaita moto wa Mtakatifu Antonio. Nasi Waswahili twasema mkanda wa jeshi. Tazama jinsi mataifa yaliyotengwa na bahari yalivyofikia mawazo mawili tu, mkanda na moto. Mkanda ni jambo la macho, maana kila mtu auona. Moto ni jambo la mgonjwa, naye peke yake ndiye aujuaye. Historia ya maradhi haya ni historia ya watu waliojifunza kwanza habari za mkanda, kisha, kwa taabu kubwa zaidi, wakajifunza habari za moto.

Katika miaka ya 1860 daktari mmoja wa Berlin, Friedrich von Bärensprung, aliichunguza maiti ya mtu aliyekuwa na mkanda, akaona ya kwamba kasoro haikuwa katika ngozi tu. Ilikuwa ndani, karibu na uti wa mgongo, katika vifundo vya mishipa ya fahamu iletayo habari kutoka ngozini. Mwaka wa 1900 madaktari wawili, Henry Head na A. W. Campbell, walilithibitisha jambo hilo kwa wagonjwa wengi, wakachora ramani ya mwili kuonyesha kila mshipa unatawala sehemu gani ya ngozi. Ndipo ilipofahamika kwa nini mkanda huwa upande mmoja wa mwili: hufuata njia ya mshipa mmoja, na mshipa huo aghalabu hauvuki katikati. Hivyo ile hofu ya watu wengi, kwamba ncha mbili za mkanda zikikutana mgonjwa hufa, haina msingi.

Kwa wakati huohuo daktari wa watoto wa mji wa Budapest, János Bókay, aliona ajabu nyingine. Katika nyumba ambamo mtu mzima alipata mkanda, watoto waliokuwamo walipata tetekuwanga. Je, maradhi haya mawili yalikuwa ndugu? Jawabu lilithibitishwa katika miaka ya 1950, Mmarekani Thomas Weller alipoweza kuvikuza virusi vya maradhi yote mawili katika chupa za maabara, akaona kuwa ni vya aina moja. Kumbe yule mtoto wa pwani anayeogeshwa kwa majani ya mwarobaini hadi tetekuwanga imkauke hapona akabaki mtupu. Virusi hujificha katika vile vifundo vya mishipa, vikalala humo miaka 20, 40 au 60. Kinga ya mwili ikidhoofika, huamka, hutembea kando ya mshipa mmoja hadi ngozini, na mkanda hutokea.

Aliyeunganisha habari hizi vizuri kuliko wengine hakuwa profesa wa chuo kikuu. Alikuwa daktari wa mji mdogo wa Cirencester huko Uingereza, jina lake Edgar Hope-Simpson. Kwa miaka 16 aliandika habari za kila mgonjwa wake aliyepata mkanda, na mwaka wa 1965 alichapisha matokeo. Alionyesha kuwa mkanda huzidi kadiri umri unavyozidi, na akakadiria kwamba miongoni mwa watu wanaofika miaka 85, nusu yao watakuwa wameupata. Sisi wa pwani twaweza kuifahamu kazi ya namna hiyo. Kilifi kimekuwa na kituo cha utafiti kando ya hospitali tangu mwaka wa 1989, na tangu mwaka wa 2000 wafanyakazi wake hupita nyumba kwa nyumba wakiwahesabu wazaliwa, wafu na wahamao. Jicho la siku moja huona mgonjwa mmoja. Daftari la miaka mingi huonyesha desturi ya maradhi.

Na daftari hizo ndizo zilizotoa sehemu ya kwanza ya jawabu letu. Maumivu ya mkanda hayagawanywi ovyo. Kijana mara nyingi huumwa siku chache, kisha hupona kabisa. Lakini mtu aliyepita miaka 50, na zaidi aliyepita miaka 70, yuko katika hatari ya kubaki na maumivu miezi mitatu, mwaka, au hata miaka, baada ya ngozi kupona. Hatari hiyo huongezeka kwa mtu ambaye maumivu yalimtangulia kabla ya malengelenge, au aliyeumwa vikali tangu mwanzo, au ambaye mkanda ulimshika jichoni. Sababu ni kwamba virusi vinapoamka huuharibu mshipa wenyewe. Ngozi ina desturi ya kuota upya; mshipa wa fahamu huponea polepole, na pengine haurudi kama ulivyokuwa.

Henry Head alitaka kulijua jambo la mishipa kwa mwili wake mwenyewe. Mwaka wa 1903 alikubali kukatwa mshipa wa fahamu katika mkono wake wa kushoto, ukaunganishwa tena. Kisha kwa miaka kadhaa alikwenda Cambridge kwa rafiki yake W. H. R. Rivers, ambaye alimjaribu kwa sindano, kwa baridi na kwa joto, huku Head amefumba macho akieleza alichokisikia. Katika siku za kupona, mchomo mdogo ulimletea uchungu mkali uliotapakaa kupita kiasi cha mchomo wenyewe. Wataalamu wa baadaye walibishana naye juu ya maelezo yake, lakini somo moja lilibaki: mshipa ulioharibika hupeleka habari za uongo kwenye ubongo, na ubongo hauna budi kuziamini. Kwa hiyo kanga ya bibi yangu kwake ilikuwa moto kwelikweli. Hakuwa akisema kwa mfano tu.

Sehemu ya pili ya jawabu ilipatikana vitani. Mwaka wa 1944 daktari wa Marekani, Henry Beecher, alikuwa akiwatibu askari waliojeruhiwa vibaya huko Anzio, katika pwani ya Italia. Aliwauliza kama walihitaji dawa ya kutuliza maumivu, na kiasi cha robo tatu wakasema hapana. Baada ya vita alilinganisha na raia waliopasuliwa hospitalini, akaona ya kwamba wengi wao waliitaka dawa ingawa majeraha yao yalikuwa madogo zaidi. Beecher alifikiri kwamba kwa askari jeraha lilikuwa na maana ya kuokoka na kurudi nyumbani, na kwa raia lilikuwa mwanzo wa msiba. Mwaka wa 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza ya kwamba katika uti wa mgongo pana kitu kama lango: habari za maumivu hupita hapo, na ubongo waweza kulifungua zaidi au kulirudisha. Hofu, upweke na kukosa usingizi hulifungua. Tumaini na utulivu hulirudisha. Usiseme basi kwamba maumivu ni mawazo tu. Mawazo nayo hupita katika mishipa ileile ya mwili.

Hapa yanipasa kukuonya juu ya kosa kubwa. Watu wengine waliposikia kuwa maumivu hayalingani, waliigeuza habari hiyo kuwa silaha. Mwaka wa 1851 daktari mmoja wa kusini ya Marekani, Samuel Cartwright, aliandika kwamba watu weusi hushikwa na maradhi yanayoitia ngozi yao ganzi, naye aliishi katika nchi iliyolimwa kwa migongo ya watumwa. Malindi nayo, katika nusu ya pili ya karne hiyohiyo, ilikuwa na mashamba makubwa yaliyolimwa na watumwa, nasi hatuwezi kulitazama jambo hilo kama la mbali. Anayefaidi kwa mgongo wa mwenzake hupenda kuambiwa kwamba mgongo huo hauumwi. Ukweli ni kuwa tofauti tunayoizungumza ni ya mtu na mtu, kwa umri wake, kinga yake, mshipa wake na hali yake. Rangi haimpi mtu ganzi, wala kabila halimpi.

Sasa nirudi kwa mjomba wangu, kwa kuwa sikukueleza habari yake yote. Maumivu yake yalikuwa mepesi, lakini alipata pigo jingine. Maradhi ya ukimwi yalitambuliwa katika Kenya mwaka wa 1984, na kwa kuwa virusi vyake huibomoa kinga ya mwili, madaktari wa Afrika ya Mashariki walianza kuwaona vijana wengi wenye mkanda ambao zamani ulikuwa wa wazee. Mwaka wa 1995 madaktari waliochunguza wagonjwa nchini Kenya walieleza kuwa mkanda ulikuwa mara nyingi dalili ya kwanza. Elimu hiyo ilikuwa ya kweli na yenye faida kwa daktari. Ilipofika barazani ikawa hukumu. Mvuvi aliyeshirikiana na mjomba ngalawa moja akaacha kula naye sahani moja. Wengine walimnyoshea kidole chini kwa chini. Sitakuambia kama walikisia kweli au uongo, kwa maana habari hiyo ilikuwa yake. Nitakuambia tu kwamba mkanda waweza kumpata hata mtu asiye na ukimwi, kuwa kula sahani moja hakuambukizi ukimwi, na kwamba mjomba alisema kutengwa kulimuuma kuliko ubavu.

Basi katika nyumba moja tulifanya dhuluma mbili. Mwenye maumivu makubwa hatukumwamini, na mwenye maumivu madogo watu walimwadhibu. Zote mbili zilitokana na kutazama mkanda na kutosikiliza mtu.

Leo tuna msaada ambao bibi hakuupata. Dawa iitwayo asikloviri, iliyogunduliwa katika miaka ya 1970, huvizuia virusi visizidi, nayo hufaa zaidi ikianzwa katika saa 72 za kwanza tangu malengelenge kutokea. Gertrude Elion, ambaye maabara yake ndiyo iliyoitoa, alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1988. Ziko dawa za kutuliza mishipa iliyoharibika, na katika nchi kadhaa wazee hupewa chanjo. Kwa hiyo ukimwona mzee wako ameanza kuchomwa upande mmoja wa mwili, kisha malengelenge yakajipanga, usingoje yakauke. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na kama yako karibu na jicho, fanya haraka zaidi.

Lakini hata hospitalini daktari hana mizani ya kuyapima maumivu. Mwaka wa 1975 yule Melzack alitoa orodha ya maneno ambayo wagonjwa huyatumia, kwa kuwa aliona hakuna chombo kinachoshinda ulimi wa anayeumwa. Lugha yetu haina upungufu wa maneno hayo: kuchoma, kuwasha, kudunga, kuvuta, kupwita, kukereketa. Mgonjwa akikuchagulia neno moja kati ya hayo, amekupa kipimo. Lipokee, uliandike, wala usilipunguze.

Wazee wetu walisema kuwa adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Elimu ya miaka 150 imezunguka Berlin, Budapest, Cambridge na Anzio, ikarudi kukiri jambo hilohilo, ila imeongeza sababu zake. Bibi yangu alifariki kabla sijazisoma, nami sikupata nafasi ya kumwambia kwamba namsadiki. Wewe, msomaji, huenda yuko mtu katika nyumba yenu ambaye ngozi yake ni nzima na bado anaungua. Mwulize leo anaumwaje, kisha msikilize hadi amalize.