Kabla ya Kunyanyua Vyuma, Ufipa Ilivifua

Ukisema hapa Sumbawanga kwamba una miaka hamsini na kitu na bado unanyanyua vyuma, watu wanakuangalia mara mbili. Mimi nina 54, na swali ni lile lile: "Mzee, si upumzike?" Lina upendo ndani yake. Ila historia ya Ufipa inanizuia kulikubali haraka.

Chuma hapa si mgeni. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda ameyachunguza mabaki ya matanuru ya Wafipa. Tanuru refu, yaani ilungu, lilifika kiasi cha mita 3, na hewa iliingia yenyewe kwa chini, bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado na taka, kikasafishwa katika tanuru dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipohitajika. Kisha mhunzi akafua jembe. Sasa piga hesabu ya mzigo: mawe ya madini, makaa, udongo wa kujengea, vyote kwa kichwa na bega.

Jembe nalo lilikuwa na kazi yake. Katika nyika hii yenye miti michache, mkulima alipindua nyasi pamoja na udongo, akazifukia ndani ya vilima vidogo zioze na kuwa mbolea. Kilima baada ya kilima, shamba zima, mwaka hadi mwaka. Mgongo ulikuwa na shughuli.

Majembe ya kiwandani yalipoingia wakati wa ukoloni, malungu yakazimika. Baadaye plau la ng'ombe likapunguza kazi ya mkono. Jamani, tusiwaonee wivu wazee wetu kupita kiasi: kazi ile iliwajenga wengi, na wengine iliwavunja. Jembe halikuulizi kama jana ulilala au goti linauma. Mazoezi yanauliza. Unachagua uzito, unaongeza kidogo kidogo, unapumzika, unarudi. Hiyo ndiyo tofauti.

Na mwili wa mzee unaitika. Misuli huanza kupungua taratibu tangu miaka ya thelathini, lakini mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Boston, Marekani, kwa watu 10 dhaifu wenye umri wa miaka 90 hivi, waliokuwa wakiishi katika nyumba ya wazee. Baada ya wiki 8 za kunyanyua uzito kwa miguu, nguvu za wale 9 waliomaliza ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wiki nane tu!

Kwa hiyo wanaponiambia nipumzike, nawaambia napumzika, siku ya pili yake. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20. Anza na robo. Kaa kwenye kigoda, simama bila kushika kitu, rudia. Mara mbili kwa wiki, na presha ipimwe kwanza. Hatutafuti medali. Tunataka tukifika themanini tuweze kuinuka wenyewe pale tulipoketi, twende shambani kuangalia mahindi.